Nukta Zilizokaa Vizuri Mno

Anderlecht, Brussels
18 Januari 2004

Mjomba wangu, Mwalimu Jaffari,

Shikamoo. Na shikamoo ya Mama Sudi umfikishie kabla hujaenda mstari wa pili, maana akikukuta unasoma barua yangu na yeye hajasalimiwa, atanuna mpaka Ijumaa. Mama yangu mwambie kanga alizotuma zimefika, moja nimeifanya pazia.

Mimi sina ugonjwa ila baridi. Bado nakaa kwa Maman Victorine, yule mjane wa Lubumbashi niliyekwambia, amenipangisha chumba kimoja. Kiswahili chake kimejaa Kifaransa lakini tunaelewana. Ananipikia kisamvu, yeye anakiita sombe, kila Jumapili na kuniuliza maswali kama polisi.

Sasa jambo lenyewe, nisikuzungushe. Nimepata sifuri. Si saba, si tano. Sifuri, kwenye maabara ya optiki, mwaka wangu wa kwanza wa chuo hiki cha utengenezaji miwani, baada ya mwaka mzima wa kuhangaika na Kifaransa chao.

Jaribio lilikuwa lile lile la kwako la kidato cha nne. Taa huku, lenzi katikati, kiwambo cheupe kule. Unapima umbali wa taa mpaka lenzi, ndiyo u. Unasogeza kiwambo mpaka taswira ya taa ionekane kali, unapima mpaka hapo, ndiyo v. Mara nane, kisha grafu ya v dhidi ya u, na kwenye grafu unatafuta fokasi, ule umbali ambao lenzi inakusanya mwanga wa mbali. Boksi la lenzi limeandikwa fokasi sentimita 15. Mjomba, nilifurahi. Nikafanya ulivyotufundisha sebuleni kwako: nikapiga hesabu, nikachora mkunjo kwanza, nikazikalisha nukta juu yake, ndipo nikajaza jedwali kwa kurudi nyuma, bila kupima kitu. Dakika ishirini nimemaliza. Wenzangu bado wanagombania swichi ya taa.

Monsieur Antoine, msimamizi wa maabara, ni mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Akaitazama grafu yangu muda mrefu. Akaniambia, "Hapa umeandika u ni 20 na v ni 60. Nionyeshe." Akaiweka taa kwenye 20 yeye mwenyewe. Nikasogeza kiwambo mpaka 60, hamna kitu. Nikakisogeza mpaka mwisho wa reli, hamna kitu, ukungu wa mwanga tu. Kumbe kila mwaka anabadilisha lenzi kwenye maboksi. Ile haikuwa ya 15, ilikuwa ya 20, na taa ikikaa hasa kwenye fokasi hakuna taswira popote.

Sipewi nafasi nyingine mpaka kikao cha pili cha mitihani, mwanzoni mwa Septemba. Nikishindwa maabara nimeshindwa mwaka, wafadhili hawalipii mwaka wa kurudia, na bila chuo kibali changu cha kukaa hapa kinakufa. Oktoba utanipokea stesheni ya Kigoma na masanduku yangu. Maabara iko wazi kila Jumatano mchana kwa anayetaka kujifunza. Nimeanza kwenda. Nifundishe, Mjomba, kuipima kwelikweli.

Mpwa wako,
Mauwa


Kigoma
20 Februari 2004

Kwa binti yetu Mauwa,

Marahaba. Barua yako imetufikia tarehe 11, imefunguliwa kidogo pembeni na kufungwa tena kwa gundi, sijui nani huko njiani ana hamu ya habari zetu. Mama yako hajambo ila goti. Sudi amehamishiwa Tabora na mkewe amejifungua mtoto wa kike. Jirani yetu amechimba choo hatua kumi na mbili kutoka kisimani. Nimezipima hatua hizo kwa mguu wangu na kumpelekea mtendaji wa kata, na mtendaji ananiambia nisubiri mvua ziishe.

Nimelisoma jambo lako mara tatu. Kwanza nikuulize: ulitia chumvi? Niliwafundisha nyote, nukta zikikaa zote juu ya mkunjo msahihishaji anashtuka. Moja unaipandisha kidogo, nyingine unaishusha. Kama hukutia, kosa ni lako na si la njia.

Pili, usiikimbie nadharia. Grafu ya v dhidi ya u ni mkunjo wenye adabu. u ikiisogelea fokasi, v inapanda na kupanda bila kikomo. u ikiwa kubwa mno, v inashuka na kutulia jirani na fokasi, lakini haiigusi. Pale v inapolingana na u, ni mara mbili ya fokasi. Mtu akiyashika hayo matatu hawezi kupotea. Na kama mkunjo unakusumbua, chora 1/v dhidi ya 1/u. Utapata mstari mnyoofu unaoteremka, na pale unapokata mhimili pana 1/f. Nimekuchorea yote mawili kwenye karatasi ya grafu, nimeambatanisha. Tazama ulivyo safi.

Wanafunzi wangu wamefaulu kwa mkunjo huo miaka thelathini na mmoja. Wawili ni madaktari.

Mjombako,
Mwl. J. Kabeya (Mstaafu)


Anderlecht
14 Machi 2004

Mjomba,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu. Mwambie Sudi nimemtumia soksi za mtoto, zitakuja na mtu. Habari ya choo imenichekesha, nimemsimulia Maman Victorine naye akasema kwao wangeshakuwa mahakamani. Theluji imenyesha jana na kuyeyuka leo, njia zote ni matope.

Chumvi nilitia. Badala ya 37.5 niliandika 37.3, badala ya 24 nikaandika 24.1. Nilitia kama mpishi. Haikusaidia, kwa sababu chungu chenyewe kilikuwa cha mtu mwingine.

Grafu zako ni safi, nimezibandika ukutani. Lakini hukunijibu nilichokuuliza, na nakiuliza tena polepole. Naiweka taa kwenye 25. Nasogeza kiwambo. Taswira inaanza kuonekana, inakuwa kali, inabaki kali, inaendelea kubaki kali, halafu inafifia. Wapi ndiyo v? Jumatano ya kwanza nilipata 97. Ya pili 103. Juzi 99 na nusu. Taa haijasogea, lenzi haijasogea. Kwenye grafu nukta zangu zinatawanyika kama kuku waliomwona mwewe, na kila nikipitisha mkunjo kuna tatu zinabaki nje zinanitazama.

Unaniambia nigeuze iwe 1/v na 1/u. Nimegeuza. Nukta mbovu zinabaki mbovu hata ukizigeuza.

Kwa hiyo swali ni moja, Mjomba, na ni la mikono, si la ubaoni. Wewe ulipokuwa unasimama na kiwambo mkononi, ulikuwa unajuaje kwamba hapa ndipo?

Jambo jingine nilikuwa sitaki kulisema. Siku ya sifuri Monsieur Antoine aliniuliza mbele ya darasa ni nani alinifundisha kufanya vile. Nikasema hakuna aliyenifundisha. Sikutaka jina lako litajwe pale.

Mauwa


Kigoma
2 Mei 2004

Mauwa,

Marahaba. Wote hatujambo. Mvua zimeisha na mtendaji sasa anasema nisubiri uchaguzi wa kitongoji.

Barua yako ilifika mwezi uliopita na nimekaa nayo makusudi ili hasira ipungue. Haikupungua.

Kwamba umesimama mbele ya wageni ukasema hakuna aliyekufundisha. Nani alikaa na wewe kila Jumamosi mwaka mzima, na tochi ya betri tatu umeme ukikatika? Mama Sudi alikupikia uji. Leo sisi ni aibu, hata jina halitajiki Ulaya.

Kuhusu swali lako, ni swali la mtu asiyetaka kutumia akili. Taswira inakuwa kali pale inapokuwa kali. Mtoto mdogo anaweza kuona. Siku hizi mna reli za chuma na taa za umeme na bado mnalalamika, sisi tulikuwa na mshumaa. Rudi kwenye kanuni: 1/f ni sawa na 1/u jumlisha 1/v. Kanuni haijabadilika tangu niondoke kazini.

Jifunze, acha kulalamika.

Mwl. J. Kabeya


Anderlecht
30 Mei 2004

Mjomba,

Shikamoo. Mke wa Sudi na mtoto wanaendeleaje? Mama goti lake?

Kanuni ninayo. Ningekuwa natafuta kanuni nisingelipa stempu. Nimekuuliza mara mbili kitu kinachojibiwa kwa sentensi moja, na mara mbili umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mara ya pili ukaongeza matusi.

Kama uliona haya niliposema hakuna aliyenifundisha, nisamehe. Nilidhani nakusitiri.

Alhamisi nilikuwa jikoni na mshumaa na lenzi ya Maman Victorine ya kusomea Biblia, najaribu kuitupa taswira ya mwali kwenye mlango wa friji. Akaja akasimama. "Mauwa, uko unafanya nini na bougie yangu? Utaunguza nyumba ya bantu." Nikamweleza. Nikamsomea na barua yako, naomba radhi. Akaguna. "Bon. Mujomba yako hajue."

Nikamwambia anajua, alikuwa mwalimu miaka thelathini na mmoja.

"Muntu mwenye kujua anajibu na phrase moja. Huyu anaandika page mbili juu ya kukasirika. Hajue, ma fille, na anaona haya."

Nilimkasirikia, nikaenda chumbani. Lakini nimelala na maneno yake siku tatu sasa. Niambie anakosea.

Mauwa


Anderlecht
4 Julai 2004

Shikamoo Mjomba.

Hujajibu, na sijui kama barua yangu ilifika au ilifika ikakuudhi. Mama nimempigia kwa kadi ya simu, anasema uko mzima ila huongei sana na umeacha hata kesi ya choo. Nimefurahi kusikia u mzima.

Matokeo ya Juni yametoka. Nimefaulu kila kitu, hata Kifaransa cha kitaalamu. Imebaki maabara peke yake. Mtihani ni tarehe 2 Septemba, saa tatu asubuhi, na lenzi nitapewa bila boksi.

Bado nukta zangu ni kuku.

Mauwa


Kigoma
25 Julai 2004

Mwanangu Mauwa,

Marahaba, na hongera kwa matokeo. Mama Sudi amechinja jogoo kwa ajili yako na tumemla bila wewe. Mjukuu anaota meno. Barua zako zote mbili zilifika.

Huyo mama wa Lubumbashi hakukosea.

Mimi nilisomea hesabu na jiografia. Mwaka 1971 mwalimu wa fizikia aliondoka na mkuu wa shule akanipa chaki na kitabu, akasema, wewe si unajua hesabu. Kabatini kulikuwa na lenzi sita kwenye pamba. Nilipokea kabati lile kwa sahihi yangu, na ilikuwa imeandikwa wazi kwamba kikivunjika kitu kinakatwa kwenye mshahara wa mpokeaji. Hata hivyo niliitoa moja. Nataka ujue kwamba niliitoa.

Niliwaita darasa zima, wanafunzi arobaini na wawili. Tulifunga madirisha kwa mablanketi ya bweni. Nikawasha mshumaa, nikaweka lenzi mbele yake, nikashika kadi nyeupe. Hakikuonekana kitu. Nikasogea, nikarudi, nikasogea mpaka nikagota ukutani, jasho linanitiririka. Mmoja akasema, "Mwalimu, labda mshumaa umelowa." Wakacheka wote. Nikafungua madirisha, nikawaambia waandike muhtasari.

Nyumbani niliitazama grafu yangu mwenyewe niliyoichora jana yake. Nilikuwa nimeuweka mshumaa kwenye sentimita kumi. Fokasi ilikuwa kumi na tano. Upande ule wa grafu, u ikiwa chini ya fokasi, hakuna v ya kushika kwa kadi. Karatasi ilikuwa imeniambia na mimi sikuisoma. Kesho yake ningeweza kurudi darasani nikausogeza mshumaa, mambo yakaisha. Nilishindwa kurudi mbele ya wale watoto. Niliifunga lenzi kwenye pamba, nikalifunga kabati, na tangu siku ile nilifundisha kwa kupika. Kila Desemba nilizifuta vumbi, zote sita, nikaripoti kwamba hazijavunjika. Mkaguzi wa mkoa alinisifu kwa grafu safi za wanafunzi wangu. Nilipostaafu nilimkabidhi funguo mwenzangu, na nadhani naye hajafungua.

Mimi sijawahi kuiona taswira hiyo, Mauwa. Hata moja. Umeniuliza nilikuwa najuaje kwamba hapa ndipo. Sikuwahi kusimama hapo.

Uliwaambia wazungu wako kwamba hakuna aliyekufundisha. Nilikasirika miezi miwili kwa sababu ulisema kweli.

Sina la kukusaidia kwa tarehe 2. Muulize huyo Antoine. Muulize bila haya, usifanye kama mimi.

Mjomba Jaffari


Anderlecht
19 Septemba 2004

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo Mama Sudi. Mama mpe taarifa kwamba dawa ya goti inakuja na Bwana Tito, yule Mtanzania wa Etterbeek anayekwenda likizo kwao Kasulu mwishoni mwa Novemba. Atapita kwako kwanza.

Barua yako niliisoma mara moja nikaifungia kwenye sanduku, na Agosti yote sikukujibu makusudi. Nilikuwa na hasira kali. Si kwa sababu hukujua. Mtu anaweza asijue. Ni kwa sababu ya Machi na Mei, nilipokuwa nakwenda maabara kila Jumatano nikirudi na nukta zangu mbovu, nikijiambia ni mikono yangu mibaya, kuna mtu Kigoma anajua na siku moja atanijibu. Ningemuuliza Antoine tangu Februari. Sikumuuliza kwa sababu nilikuwa na mjomba.

Nilikaa na hasira hiyo wiki nzima. Jumatano iliyofuata nikamwendea Antoine. Nikamwambia sijui kuona, nifundishe. Hakucheka. Alisema karibu kila mtu anataka kukishika kile kituo chenyewe cha ukali, na jicho haliwezi kukishika. Jicho linaweza kusema hapa imeharibika. Basi unasogeza kiwambo mbele mpaka taswira ianze kuharibika, unaweka alama. Unarudi nyuma mpaka iharibike upande wa pili, unaweka alama. v iko katikati, na nafasi kati ya alama mbili unaiandika pia, unaichora kwenye grafu kama kijiti kwenye nukta, ili msomaji ajue hujui kiasi gani. Yaani kile nilichokuwa nakificha kwa ufutio, wao wanakitaka kiandikwe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Mjomba. Sentensi tatu.

Siku ya mtihani nilipewa lenzi tupu, haina jina. Niliipima mara nane. Kwenye 18 sikupata kitu, nikaandika: hakuna taswira. Kwenye 22 kijiti changu kilikuwa kirefu kama kidole, nikakichora hivyo hivyo kirefu. Nukta ya sita ilikataa kabisa kukaa. Niliirudia mara mbili ikanipa jibu lile lile, nikaiacha nje ya mkunjo, ingawa nilitamani kuisukuma. Grafu ilikuwa mbaya, ungeona aibu kuibandika. Nikasoma fokasi: kati ya 18.4 na 19.8. Antoine akatazama, akauliza, "Na hii ya sita?" Nikasema ndivyo nilivyoona, sababu siijui. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Nimepata kumi na mbili kwa ishirini. Wafadhili wamekubali mwaka wa pili, na Ijumaa nimekwenda komuni, ofisi ya manispaa, kusaini kibali. Maman Victorine alilia zaidi yangu, akanikumbatia kwenye ngazi mbele ya majirani.

Hasira bado ninayo kidogo, sitakudanganya. Lakini namwona yule mwalimu wa mwaka 1971 na jasho lake na mablanketi, na simchukii. Ningekuwepo ningemwambia asogeze mshumaa.

Bwana Tito atakuletea soksi ya sufu. Ndani yake, kwenye pamba, kuna lenzi. Niliinunua kwa muuza vitu vikuukuu, haina boksi wala maandishi. Nimeipima mwenyewe mara nne na fokasi yake ninayo. Sikuandikii. Na usijisumbue kumuuliza Tito, sikumwambia. Ukinitumia namba zinazokaa vizuri, nitajua tu.

Ikivunjika hakuna atakayekata kitu. Ni yako.

Mpwa wako,
Mauwa


Kigoma
12 Desemba 2004

Mwanangu Mauwa,

Marahaba. Mzigo umefika salama, dawa ya mama yako pia, amekwishaanza kuimeza na kuilalamikia. Bwana Tito alikunywa chai kwetu, ni mtu mwenye adabu. Mjukuu ametembea. Choo kimefukiwa, si kwa ajili ya mtendaji, kimeanguka chenyewe.

Lenzi ilikaa kwenye soksi siku kumi na moja. Kila siku nilikuwa naifungua soksi, natazama, naifunga. Mama Sudi akaniuliza hicho kitu kinauma? Nikamwambia hapana. Akaniambia basi kishike.

Jana baada ya adhuhuri nilifunga dirisha la sebuleni, nikaacha mlango wa uani wazi. Sikuwa na mpango. Nilikuwa nasafisha tu, nikaishika lenzi karibu na ukuta unaotazamana na mlango. Ukutani kukaingia kijani. Nikarudisha mkono nyuma kidogo, mbele kidogo. Mauwa, huo ulikuwa uwanja wangu wote. Mpapai ukining'inia, beseni ubavuni mwake, kamba ya nguo chini na mbingu ikiwa chini zaidi. Na Mama Sudi, mdogo kama kidole gumba, kichwa chini, anafua. Anasogea. Kwenye vitabu hakuna mahali walipoandika kwamba inasogea, au labda waliandika na mimi sikusoma. Alikung'uta shuka, na kwenye ukuta wangu shuka ikapanda kwa kushuka.

Nilikaa chini. Nimefundisha hiki kitu miaka thelathini na mmoja. Niliona hasira, nakwambia kweli, hasira kubwa, kwa kabati lile na kwa wale watoto arobaini na wawili ambao sasa wana wajukuu na hawajaona. Nikalia kama mtoto. Mama Sudi alipoingia na beseni alidhani nimepata msiba, akalitua akaniuliza nani. Nikamwonyesha ukutani. Akatazama, akasema, "Mbona uwanja umepinduka?" Nikamwambia atoke nje nimwone tena. Alikataa, kisha akatoka, akasimama jua kali akinipungia mkono mpaka akachoka.

Umetaka fokasi. Rula ninayo, na mishumaa nimenunua. Nitaipima kwa njia ya huyo Antoine, kutoka pande zote mbili, na vijiti nitavichora virefu kadiri ya ujinga wangu. Utaniwia radhi kwa kuchelewa. Jana na leo sijapima kitu, nimetazama tu.

Mjomba Jaffari